Maji ya Kuku na Ulimi wa Muuzaji



Twapenda kuleta mbele yenu jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo ni maji ya kunywa ya kuku. Hapa kwetu Nambambo, katika mji wa Nachingwea, vijana wengi wamejitia katika ufugaji wa kuku wa nyama, wale waitwao broila, na wengi katika vijana hao walipitia chuoni kwetu. Hazipiti wiki mbili illa mmoja wao hutujia baada ya sala ya alasiri akatuuliza: Maalim, katika maji tutie nini? Shubiri au mlonge? Kitunguu saumu au mwarobaini? Hutujia sisi kwa kuwa wamesikia ya kwamba kuku wetu walinyweshwa majani wakanenepa. Hayo ni kweli. Lakini iko sehemu ya pili ya habari hii ambayo hawakuisikia, nayo ndiyo iliyotushikisha kalamu.

Tulianza kufuga mwaka 2021. Mvua za mwezi wa Machi zilikuja na upepo, upepo ukang'oa mabati manane ya paa la chuo, na watoto wakawa wanasoma chini ya mwembe. Ada ya chuo, wenyewe mwaijua: huyu huleta leo, yule husema tungoje korosho ziuzwe. Basi tukaona heri tutafute fedha ya mabati kwa jasho letu kuliko kuzunguka na daftari la michango. Tukaagiza vifaranga 100 kutoka Dar es Salaam, wakaja kwa basi, wakafika usiku wakiwa na kiu na uchovu. Ahali yetu alikwisha kuwasha jiko la mkaa katika banda na kutandaza maranda, nasi tukawapa maji yenye glukosi kabla ya chakula, kama tulivyoelekezwa.

Baada ya hapo tukashika njia yetu wenyewe. Tulisaga majani makavu ya mlonge tukayaloweka. Tuliponda kitunguu saumu. Tulikata majani ya shubiri vipande vipande tukavitumbukiza katika ndoo. Siku nyingine tulitia pilipili kichaa, na siku nyingine habbasoda kidogo, maana bei yake si ya kuku. Tulikuwa na hoja zetu za dini pia. Tulisema, Qur'ani Tukufu katika Surat An-Nahl imetaja shifaa iliyomo katika asali, na Mtume (s.a.w.) ameisifu habbasoda kwa sifa kubwa, je, kiumbe wa Mungu atatibiwa kwa nini kama si kwa mimea ya Mungu? Vifaranga wale wa kwanza tuliwachanja vilevile, kwani afisa mifugo alikuja mwenyewe na kichupa. Katika 100 walibaki 94, na wiki ya sita wakauzwa wote. Sisi tukaisahau chanjo, tukaukumbuka mlonge.

Sifa zikaenea. Watu wakawaita kuku wale "kuku wa chuoni". Mwenye hitima alikuja kwetu, mwenye arusi alikuja kwetu, na ulipofika mwezi wa Ramadhani walikuja hata wasiotujua. Nasi kila aliyekuja tulimwambia neno moja: kuku wetu hawajui dawa ya dukani, wanakunywa mlonge na kitunguu saumu tu. Neno hilo lilikuwa kweli siku tuliyolisema kwanza. Likumbukeni.

Hapa yafaa tueleze tulichojifunza juu ya maji yenyewe, kwa kuwa wanaotuuliza wana haki ya kujibiwa.

Kuku wa nyama hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi ya hapo. Kuku 100 wa wiki tano humaliza lita 20 na zaidi kwa siku. Kwa hiyo lolote ulitialo katika maji, zuri au baya, humfikia kuku upesi na kwa wingi. Akiona maji ni machungu atapunguza kunywa; akipunguza kunywa atapunguza kula; na kuku wa nyama maisha yake yote ni wiki tano au sita, hana siku za kulipa deni hilo. Mwarobaini ni mchungu kweli kweli, na wengi huujaza katika ndoo wakidhani uchungu ndio dawa.

Shubiri ina mambo mawili ndani ya jani moja. Katikati mna ute mweupe, na chini ya ganda mna utomvu wa njano. Utomvu ule huharisha. Watu wazima huutumia kwa kuendesha tumbo. Anayekata jani zima na kulitumbukiza huwanywesha kuku vyote viwili. Kuku akiharisha, maranda hulowa. Maranda yakilowa hutoa harufu kali inayochoma macho na mapafu ya kuku, na vimelea vinavyoleta kuhara damu hustawi katika unyevu huo. Hivyo mtu huweza kuwaharisha kuku wake kwa shubiri, kisha akaona wanaharisha, akazidisha shubiri. Sisi tulikuwa mtu huyo.

Kitunguu saumu nguvu yake huzaliwa pale kinapopondwa, na hupungua kwa kukaa na kwa kuchemshwa. Basi anayekiponda leo akakinywesha kesho kutwa hakunywesha ila harufu. Ama pilipili, jambo la ajabu ni kwamba ndege hahisi ukali wake kama tuuhisivyo sisi, na ndiyo maana pilipili kichaa huota ovyo chini ya miti wanapolala ndege. Msimwonee huruma kuku kwa pilipili, wala msidhani kuwa imemwamsha.

Mlonge una fadhila yake iliyothibiti, nayo si katika majani bali katika mbegu. Ndugu zetu wanawake wa Sudani, wakaao kandokando ya mto Naili, tangu zamani huponda mbegu za mlonge wakazitia katika maji ya tope, na tope likashuka chini maji yakabaki meupe. Wao huuita mti ule mti wa kusafishia, na wataalamu waliuchunguza mjini Khartoum wakaona ni kweli: mbegu hukamata tope na kushuka nalo pamoja na vijidudu vingi. Vingi, si vyote. Kwa sisi tuchotao maji ya visima yenye rangi ya udongo, jambo hilo lina manufaa kuliko majani yote tuliyoloweka.

Na kuna ubaya mmoja wa vyote hivi ambao hakuna aliyetuambia. Majani katika maji ni chakula cha vijidudu. Katika joto la Nachingwea, ndoo iliyotiwa shubiri asubuhi huanza kuteleza ukutani kabla ya magharibi. Ukiongeza maji mapya juu ya utelezi ule umeotesha bustani ya maradhi. Chombo kisugulie kila siku, na maji ya majani yasilale.

Turudi kwenye habari yetu. Kundi la tatu, mwaka 2022, tulilifuga kwa kiburi. Tulihesabu gharama tukaona chanjo ya Gumboro yaweza kuachwa, kwa kuwa kichupa kimoja ni cha kuku wengi mno kuliko wetu, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Hutumika kwa saa chache kikamwagwa. Tukasema, mlonge utatosha, na shubiri tutazidisha. Jirani zetu watatu walikuwa na kuku wakati ule ule. Lau tungeliwaita tukagawana kichupa kile, isingelikuwapo makala hii.

Wiki ya nne kuku wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, wanaharisha uharo mweupe. Siku ya kwanza walikufa 3, ya pili 9, ya tatu 14. Tulimwita afisa mifugo. Alimpasua mmoja mbele yetu, akatuonesha madoa ya damu katika nyama ya mapaja, na kifuko kidogo kilicho karibu na njia ya haja kimevimba. Akasema, "Shehe, hii ni Gumboro." Akatufahamisha kwamba maradhi haya yamepewa jina la mahali katika jimbo la Delaware huko Marekani, na yalijulikana kwa wataalamu mwaka 1962, na kwamba virusi vyake hushambulia kifuko kile ambamo kinga ya kifaranga hutengenezwa, ndiyo maana kuku aliyepona Gumboro huweza kuuawa na maradhi mengine madogo. Tukamwuliza dawa. Akajibu kuwa dawa ya virusi vile hakuna, iliyopo ni chanjo, nayo wakati wake ulikwisha kupita. Kisha akatazama ndoo yetu ya shubiri, asiseme kitu. Mwarobaini jina lake ladai kutibu maradhi arobaini. Gumboro si mojawapo.

Jioni ile alikuja mtu akataka kununua wale waliokuwa wakizubaa, kwa nusu ya bei, awachinje kabla hawajafa apeleke kwenye banda la chipsi. Tulimfukuza kwa maneno makali. Waliokufa tulichimba shimo refu tukawafukia, wala hatukumruhusu yeyote wa nyumba yetu aende katika mabanda ya jirani kwa viatu vile vile, tukikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa ngamia wazima. Usiku ule tulijiona tumeushinda mtihani.

Asubuhi yake tukaenda duka la dawa za mifugo tukanunua unga wa njano, dawa ya kuua bakteria. Haikuwa dhambi. Haitibu Gumboro, lakini huwazuia wadudu wengine wasiwaingilie kuku waliokwisha dhoofu, na mfugaji ana haki ya kumtibu mnyama wake. Kumwacha ateseke ndiyo dhambi. Karatasi ya mkebe ilisema dawa itumike siku 5, na kwamba baada ya kuiacha kuku wasichinjwe kwa kuliwa mpaka zipite siku 7. Tulisoma. Tusiseme hatukusoma. Anayetusaidia kunywesha kuku, mwanafunzi wetu mmoja wa miaka kumi na mbili, alisoma pia, maana tulimpa yeye mkebe ausome kwa sauti ili sisi tupime unga kwa kijiko.

Vifo vikakoma, kama kawaida ya maradhi yale ambayo wimbi lake hupita katika wiki moja hivi. Walibaki kuku 61. Siku ya tatu baada ya kumaliza dawa alikuja mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akimwoza binti yake, akataka kuku 22 kwa walima. Tulikuwa na deni la chakula cha kuku, na paa lilikuwa bado wazi. Mzee akauliza, kama watu wote walivyozoea kuuliza, "Hawa ndio wale wa mlonge?" Nasi tukasema, "Ndio wale wale."

Ulimi ulitoka wenyewe kwa mazoea. Ulipotoka, ungeweza kurudishwa, kwani mzee alikaa nasi muda wa kunywa kikombe cha chai. Hatukuurudisha. Yule mtoto alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Alitutazama, kisha akaenda kuwakamata kuku.

Siku nne baadaye tulikuwa chini ya mwembe tukiwasomesha wanafunzi wakubwa habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye nafaka kwa kuficha ubichi chini na kuweka kavu juu. Tulieleza kwa ufasaha, kama tulivyoeleza miaka ishirini na zaidi. Tukauliza kama kuna swali. Yule mtoto akanyosha mkono, akasema kwa adabu kabisa, "Maalim, na kama kilichofichwa hakionekani hata ukitia mkono?"

Wenzake hawakujua anasema nini. Sisi tulijua. Tukamwambia swali lake ni zuri, tutalijibu kesho, tukawaruhusu mapema.

Katika vitabu vya fikihi kuna mlango tuliousoma ujanani na kuupita upesi, juu ya mnyama alaye uchafu, aitwaye jallala. Imepokewa ya kwamba Abdallah bin Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu, akimlisha kilicho safi, ndipo amchinje. Na kuku ni halali, kwani Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alishuhudia Mtume akila nyama yake. Usiku ule tuliufungua mlango huo tena tukaona kuwa siku tatu za Ibn Umar na siku saba za mkebe ni jambo moja: kiumbe aachwe mpaka kilichoingia mwilini mwake kitoke. Na huyo Ibn Umar hakuwa na karatasi ya kiwanda.

Hatusemi kwamba walioila nyama ile waliumwa. Hatukusikia hata mmoja. Madhara yake hayaji kwa njia hiyo. Mabaki ya dawa yakiliwa kidogo kidogo, na dawa ikinyweshwa kuku ovyo, bakteria huizoea, na siku mwanao atakapougua kweli akapewa dawa ya jamii ile huenda isimfae. Ulimwengu uliifikia hatari hii kwa tamaa. Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa dawa hizi zikitiwa kidogo katika chakula humkuza mnyama upesi, na tangu hapo zikatiwa kwa magunia katika nchi nyingi, hata kwa kuku wasio na ugonjwa wowote. Sweden ikapiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, na nchi za Umoja wa Ulaya zikayakomesha yote kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Ndipo huko nako wakaanza kutafuta mimea ya kutia katika maji na chakula cha kuku, vitunguu saumu na siki na majani ya kunukia. Twataja haya ili kijana asidhani kuwa mlonge ni jambo la washamba. Siki kidogo katika maji safi huyafanya yawe makali kwa vijidudu, na hilo hutumiwa hata na wafugaji wakubwa. Lakini huko mimea huja baada ya chanjo na usafi. Haikuwekwa mahali pake.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mzee baada ya isha. Tulimweleza yote, mkebe, siku, na neno tulilosema, tukaweka mbele yake fedha ya kuku 22. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akasema, "Maalim, mimi najua kuku wa sokoni wanapewa dawa. Ningeweza kununua huko, na bei ni nafuu. Nilikuja kwako kwa sababu ya neno lako." Akazichukua fedha, akazihesabu moja moja, akazitia mfukoni. Tulitaraji kwamba angezikataa, na twakiri hivyo mbele yenu. Tulikwisha kutayarisha hata maneno ya kumshukuru.

Wengine waliochukua wawili watatu katika siku zile tuliwaendea pia. Mmoja alicheka akasema tunajisumbua bure. Mama mmoja alikasirika, akamtoa mwanawe chuoni, naye hakurudi. Mabati yalicheleweshwa mpaka mwaka uliofuata. Na yule mtoto tulimjibu mbele ya darasa zima: kilichofichwa kisichoonekana kwa mkono, hukumu yake ni ile ile, na mwalimu wenu amekifanya.

Sasa enyi vijana mnaotuuliza tutie nini, twawajibu tunavyofanya leo. Kwanza maji yawe safi na baridi, na chombo kisuguliwe kila asubuhi. Chanjo hatuziachi tena: ya kideri siku ya 7 na kurudiwa ya 21, ya Gumboro siku ya 14 na kurudiwa ya 28, isipokuwa afisa mifugo akitupangia vingine kwa hali ya maradhi mtaani, na kichupa twagawana na jirani. Siku ya chanjo maji huwa matupu, wala mlonge wala kitunguu wala maji ya bomba yaliyotiwa klorini, kwa sababu chanjo ile ni kiumbe hai aliyedhoofishwa, nayo klorini humwua. Tukikosa maji mengine hutia unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu mbili hivi kwa lita, ili kuivunja nguvu klorini. Kuku hunyimwa maji saa moja au mbili kabla, wapate kuyanywa yote upesi. Wenye kuku wa kienyeji wao wana chanjo ya kideri ya tone la jicho, ile iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu na sasa hutengenezwa hapa nchini, Kibaha. Hutolewa mara tatu au nne kwa mwaka. Katika siku zilizobaki twatia kitunguu saumu kilichopondwa saa ile ile, na siki mara moja moja. Shubiri tumeiacha ikue uani kwa ajili ya wanaoungua moto jikoni.

Katika ukuta wa banda tumetundika ubao mdogo wa chuo wa zamani. Siku dawa yoyote ya dukani inapoingia katika maji huandikwa kwa chaki jina lake, tarehe ya mwisho wa kunywesha, na tarehe ya kuruhusiwa kuchinja. Anayeandika ni yule mtoto, ambaye sasa ni kijana. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja akataka kuku kumi kwa hitima ya mumewe, nasi hatukuwapo. Kijana alimsomea ubao, akamwambia zimebaki siku tatu. Mama akasema hitima ni kesho, akaenda kununua kwa mwingine.